Boma la Mawe Katikati ya Bahari

Sisi tunaoishi bara, mbali na pwani, tukisikia neno bandari huwaza gati, winchi, maghala na makuli wapakuao magunia. Yote hayo ni kweli, lakini ni mambo yajayo mwisho. Kabla ya gati hapana budi yawepo maji yaliyotulia. Meli iliyofungwa gatini huku mawimbi yakiipandisha na kuishusha mita mbili haiwezi kupakuliwa. Kamba zake zitakatika, ubavu wake utagonga gati mpaka utoboke, na kuli aliyesimama chini ya mzigo uning'iniao hatakuwa na hakika ya kurudi kwake jioni. Bandari, basi, ni mahali ambapo bahari imenyamazishwa.

Mahali pengine maumbile yenyewe yamekwisha kuifanya kazi hiyo. Shehena zetu nyingi hupitia Mombasa na Dar es Salaam, na bandari zote mbili zimepata kinga bila ya mtu kutupa jiwe hata moja. Kilindini, ambayo jina lake latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu, imejificha nyuma ya kisiwa cha Mombasa, na nje yake miamba ya matumbawe huyavunja mawimbi ya Bahari ya Hindi kabla hayajafika mlangoni. Katika Dar es Salaam meli hupita mlango mwembamba na kuingia katika hori lililozungukwa na nchi kavu. Hata Port Bell yetu imewekwa ndani ya ghuba, ambamo mawimbi ya Ziwa Viktoria huingia yakiwa yamechoka.

Lakini ziko pwani nyingi duniani zilizo wazi, zisizo na kisiwa wala mwamba wa kuzikinga. Huko binadamu hulazimika kujenga boma la mawimbi, nalo ni ukuta mrefu wa mawe au wa saruji uliowekwa ndani ya bahari yenyewe, mbele ya bandari. Askari anaposoma neno boma hukumbuka magunia ya mchanga na handaki. Afikirivyo si vibaya, kwa maana boma hili nalo ni la ulinzi. Ila adui wake halali, haishiwi risasi, na kila mwaka huja na nguvu zilezile. Leo tutazungumza habari za maboma mawili mashuhuri yaliyojengwa kila upande wa mlangobahari utenganishao Uingereza na Ufaransa. La Wafaransa liko Cherbourg, na la Waingereza liko Plymouth. Yote mawili yaliamriwa na wanamaji, yakajengwa kwa sababu ya vita, na kila moja liliwafunza wahandisi kwa gharama kubwa.

Kwanza yafaa tujue wimbi ni kitu gani. Upepo ukivuma juu ya maji, huyasukuma na kuyakunja. Ukivuma kwa muda mrefu, na juu ya eneo refu lisilo na kizuizi, mikunjo hiyo hukua. Ndiyo sababu wimbi la kidimbwi ni dogo, wimbi la ziwa ni kubwa kiasi, na wimbi la bahari kuu, lililosukumwa na upepo kwa maelfu ya kilomita, laweza kushinda nyumba ya ghorofa kwa kimo. Maji yenyewe hayasafiri mbali; ukitupa kizibo cha chupa mahali penye kina utakiona kikipanda na kushuka karibu palepale. Kinachosafiri ni nguvu. Nguvu hiyo ikifika mahali lazima iishie kwa namna fulani, na kazi yote ya mjenzi wa boma ni kuchagua iishie wapi na iishie vipi.

Mama aliye nyumbani na watoto wake wanaweza kuliona jambo hili bila ya gharama. Chukueni karai pana, mtie maji hadi nusu. Upande mmoja simamisheni ubao au tofali lililonyooka, kisha kutoka upande wa pili sukumeni maji kwa kiganja, polepole na kwa kipimo kimoja. Mtaliona wimbi likigonga ubao, likiruka juu, kisha likirudi lilikotoka na kukutana na wimbi linalofuata, na maji yaliyo mbele ya ubao yatachafuka kuliko mwanzo. Sasa uondoeni ubao na mahali pake mjenge rundo la kokoto lenye mteremko mlegevu. Sukumeni maji tena. Wimbi litapanda mteremko, litavunjika, sehemu yake itapenya baina ya kokoto, na kitakachorudi kitakuwa kidogo. Rundo la mawe halishindani na wimbi kifua kwa kifua, hulichosha. (Mkimaliza yatoeni kokoto yote, asije mtu akafulia sare humo.)

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba jiwe lililo ndani ya bahari si zito kama lilivyo nchi kavu. Maji hulibeba. Jiwe la kilo 100 likizamishwa katika maji ya chumvi huwa kama la kilo 60 tu. Kwa hiyo jiwe ambalo watu wanne wangelitoa jasho kuliviringisha barabarani, wimbi hulichezea kama mtoto achezeavyo kokwa ya embe.

Minara ya mbao ya Cherbourg

Mwishoni mwa karne ya 18 Ufaransa haikuwa na bandari kubwa ya kijeshi katika upande wake wa mlangobahari. Manowari zake, zikifukuzwa na adui au na dhoruba, hazikuwa na mahali pa kukimbilia. Ghuba ya Cherbourg ilikuwa pana na yenye kina cha kutosha, lakini ilikuwa wazi kabisa upande wa kaskazini. Ikaamuliwa lijengwe boma refu katikati ya maji, mbali na pwani.

Mhandisi Louis-Alexandre de Cessart alitoa shauri la ajabu. Alitaka ijengwe minara 90 ya mbao yenye umbo la pia iliyokatwa ncha, kila mmoja upana wake chini ukiwa mita 45 hivi na kimo chake mita 20 hivi. Kila mnara ungetengenezwa ufukoni, ungezungushiwa mapipa matupu ili uelee, ungekokotwa na mashua mpaka mahali pake, kisha mapipa yangekatwa, mnara uzame na kujazwa mawe. Minara ikipangwa ubavu kwa ubavu ingekuwa kama mstari wa askari waliosimama gwaride ndani ya bahari. Kwenye karatasi shauri hilo lilipendeza mno. Mnara wa kwanza ulizamishwa mwaka 1784, na mnamo Juni 1786 Mfalme Louis XVI mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kusafiri mbali na majumba yake, alikwenda Cherbourg kushuhudia mwingine ukizamishwa.

Bahari haikumwogopa mfalme. Dhoruba zilivunja minara, mingine hata kabla haijajazwa mawe. Iliyosalimika ikashambuliwa na adui mdogo zaidi, yule mdudu wa baharini atoboaye mbao. Mabaharia wetu wa pwani wanamfahamu vyema, ndiyo maana tangu zamani wamekuwa wakiyapandisha majahazi pwani na kuyapaka shahamu chini. Lakini mnara uliojazwa maelfu ya tani za mawe haupandishwi pwani kupakwa kitu. Haikufika hata minara 20 iliyozamishwa kabla shauri lile halijaachwa. Mawe ya kawaida yaliyomwagwa baharini baina ya minara ndiyo yaliyobaki chini, yametandazwa na mawimbi.

Mapinduzi ya Ufaransa yakaisimamisha kazi. Napoleon Bonaparte, alipokamata madaraka, aliamuru iendelee, tena kwa haraka ya kijeshi. Alitaka sehemu ya kati ya boma ipandishwe juu ya maji, iwekwe mizinga na askari wa kukaa hapo daima, ili manowari za Kiingereza zisithubutu kusogea. Mawe yakamwagwa, juu yake ikajengwa ngome pamoja na makao ya askari na vibarua. Yote hayo yalikaa juu ya rundo ambalo halijapata miaka ya kutosha ya kushindiliwa na bahari.

Usiku wa tarehe 12 Februari 1808 dhoruba kali ilikutana na maji makuu. Mawimbi yalipita juu ya boma, yakaing'oa ngome, yakawachukua watu waliokuwamo. Karibu watu 200 walikufa, askari pamoja na vibarua. Hawakuwa na mahali pa kurudi nyuma, kwa kuwa mbele yao ilikuwa bahari na nyuma yao bahari vilevile. Mashua za kuwaokoa zisingeweza kuwafikia katika maji yale. Kwa maoni ya mwandishi huyu, habari ya usiku ule yastahili kusomwa na kila afisa mwenye mamlaka ya kupanga watu wakae wapi. Walinzi wale hawakuacha zamu yao, wala mizinga yao haikuwa na kasoro. Waliwekwa juu ya kitu ambacho hakijakomaa, kwa sababu aliyeko juu alikuwa na haraka.

Baada ya msiba huo mawe yaliachwa yatulie kwa miaka mingi. Ni katika miaka ya 1830 ndipo wahandisi walipoanza kujenga ukuta imara wa mawe ya kuchongwa juu ya rundo lililokwisha kukaa, na boma lote la katikati, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, likamalizika mwaka 1853. Tangu kuanza kwa kazi hadi kwisha kwake ilipita miaka 70. Mfalme aliyeianzisha alikwisha kukatwa kichwa, na Ufaransa ilikuwa imeshaonja jamhuri mbili na falme kadhaa.

Waingereza nao

Habari za Cherbourg zilipovuka maji, Waingereza hawakulala. Bandari yao ya kijeshi ya Plymouth ilikuwa na ghuba nzuri, lakini mdomo wake ulielekea kusini, na pepo za kusini-magharibi ziliingiza humo mawimbi ya Bahari ya Atlantiki bila ya kizuizi. Mnamo 1806 Lord St Vincent, aliyeongoza kundi la manowari za mlangobahari, aliwataka watu wawili watoe shauri. Mmoja alikuwa mhandisi John Rennie, mwana wa mkulima wa Scotland, aliyejulikana kwa madaraja na mifereji yake. Wa pili alikuwa mwanamaji Joseph Whidbey, aliyekuwa amesafiri na George Vancouver kupima pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ambako hadi leo kisiwa kimoja chaitwa kwa jina lake.

Watu hao hawakutaka minara wala sanduku la mbao. Walisema mawe yamwagwe tu baharini mpaka yatokeze juu. Walisema pia boma lisiunganishwe na nchi kavu upande wowote, bali likae katikati ya mdomo wa ghuba kama kizingiti, na pande zote mbili pabaki njia ya meli. Jambo hilo lilikuwa na hekima kubwa. Mito humwaga maji na matope katika ghuba ile. Kama mlango mmoja ungezibwa, mkondo wa maji kupwa na maji kujaa ungepungua nguvu, matope yangetua, na baada ya miaka wangekuwa na bandari tulivu isiyo na kina. Wajenzi wengi wamekwisha kuokoa meli na mawimbi wakaziua kwa tope.

Serikali ilikawia miaka mitano kukubali. Jiwe la kwanza lilizamishwa tarehe 12 Agosti 1812. Mawe ya chokaa yalivunjwa katika machimbo ya Oreston, ndani ya ghuba hiyohiyo, nayo yalipelekwa kwa vyombo vilivyoundwa makusudi. Ndani ya kila chombo mlikuwa na reli mbili, na juu ya reli magari madogo, kila moja limebeba jiwe la tani kadhaa. Chombo kikifika juu ya alama, mlango wa tezi ulifunguliwa, magari yakasukumwa moja baada ya jingine, na mawe yakatumbukia. Hakuna aliyeyapanga chini. Kuyapanga iliachiwa bahari. Katika mwaka 1813 vichwa vya mawe vilianza kuonekana maji yanapokupwa sana.

Hapa niruhusiwe kutoka kidogo nje ya njia. Mwaka 1816 wavunja mawe wa Oreston walifungua pango lililozibwa ndani ya mwamba, na humo wakakuta mifupa. Whidbey aliipeleka London kwa wataalamu, nao wakaitambua kuwa ni mifupa ya kifaru. Namaanisha kifaru mnyama, si kile cha vita. Zamani sana, kabla ya historia kuandikwa, vifaru walikuwa wakitembea katika nchi ya Waingereza. Watoto wanaodhani kwamba mnyama huyo ni wa huku kwetu peke yetu wana jambo la kumwuliza mwalimu wao.

Sasa turudi kwenye mteremko, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Rennie alipanga kwamba upande wa boma uelekeao bahari kuu, kwa kila mita moja ya kwenda juu, kuwe na mita tatu za kwenda mbele. Ulionekana kuwa mteremko mlegevu wa kutosha. Mnamo Januari 1817 ikaja dhoruba. Ndani ya ghuba, mahali ambapo boma lilikuwa bado halijafika, manowari ndogo iitwayo Jasper ilitupwa juu ya miamba na karibu mabaharia wake wote wakafa. Juu ya boma lenyewe mawimbi yalikuwa yameinua mawe kutoka upande wa bahari na kuyavusha hadi upande wa ndani. Mafundi walipopima walikuta mteremko wa juu haukuwa tena mita tatu kwa moja, bali tano kwa moja.

Kazi iliendelea kwa mpango uleule wa tatu kwa moja. Rennie alifariki Oktoba 1821, na mwanawe, aliyeitwa John kama baba yake, akashika nafasi yake. Kisha mnamo Novemba 1824 ikaja dhoruba kubwa kuliko ile ya kwanza. Meli nyingi zilivunjika katika pwani ile, na boma lililokuwa limekwisha kupambwa juu likachakazwa. Maelfu kwa maelfu ya tani za mawe zilihamishwa katika usiku mmoja. Maji yalipotulia wakapima tena, na kipimo kilikuwa kilekile cha tano kwa moja. Bahari ilikuwa imetoa jibu moja mara mbili. Safari hii wakaukubali mteremko wa bahari, wakajenga juu yake, wakaufunika kwa mawe makubwa ya kuchongwa yaliyoshikanishwa pamoja, yakiwamo ya matale.

Hata jikoni jambo hilo lipo. Mama akimwaga mahindi juu ya mkeka, rundo hujitafutia mteremko wake. Akijaribu kulichongoa zaidi, punje huteremka. Mahindi yana mteremko wake, mchanga una wake, na mawe yapigwayo na mawimbi ya Atlantiki yana wake. Mhandisi aweza kupinga, lakini atalipia mawe mara mbili.

Kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha mwaka 1841. Boma lina urefu wa mita 1,560 hivi. Sehemu ya kati imenyooka, na mikono miwili ya pembeni imepindishwa kidogo kuelekea pwani. Limemeza karibu tani milioni 4 za mawe. Lori la tani saba lingehitaji safari zaidi ya laki tano na nusu kuyasomba. Gharama ilikuwa kama pauni milioni moja na nusu za siku zile.

Yapo pia masimulizi ya Napoleon. Baada ya kushindwa Waterloo alijisalimisha kwa Waingereza mnamo Julai 1815, na manowari Bellerophon iliyomchukua ilitia nanga katika ghuba ya Plymouth mpaka mwanzoni mwa Agosti. Watu walijaa katika mashua kuja kumtazama. Husimuliwa kwamba alilitazama boma lililokuwa likijengwa akalisifu. Kama ni kweli, basi alikuwa na haki ya kutoa maoni, kwa maana hapana mtawala mwingine wa wakati ule aliyekuwa amelipa gharama kubwa zaidi kwa elimu ya mawe na maji.

Uzito wa jiwe

Kwa zaidi ya miaka mia moja wajenzi walikisia tu ukubwa wa mawe. Mnamo 1938 mhandisi wa Hispania, Ramón Iribarren, alitoa kanuni ya hesabu, na katika miaka ya 1950 Mmarekani Hudson akaitengeneza zaidi baada ya majaribio mengi katika matangi ya maji. Kanuni hizo zina jambo moja ambalo kila mtu anaweza kulikumbuka. Kimo cha wimbi kikizidi mara mbili, uzito wa jiwe hauzidi mara mbili wala mara nne, bali mara nane. Ikiwa jiwe la tani mbili lilitosha kwa wimbi la mita tatu, basi kwa wimbi la mita sita patahitajika jiwe la tani kumi na sita. Machimbo mengi hayawezi kutoa mawe ya ukubwa huo, wala barabara hazibebi.

Ndipo mafundi walipoanza kutengeneza mawe ya saruji yenye miguu, ili yashikane kama watu waliounganisha mikono. Mnamo 1950 Wafaransa wa Grenoble walibuni jiwe la miguu minne, nalo likatumika kwanza Casablanca, nchini Moroko. Afrika Kusini nayo ilitoa jiwe lake, baada ya dhoruba ya 1963 kuharibu boma la bandari ya East London. Eric Merrifield alikuwa mhandisi wa bandari hiyo, na Aubrey Kruger alikuwa mchoraji ramani ofisini kwake. Inasimuliwa kwamba Kruger alikata mpini wa ufagio vipande vitatu, akavipigilia misumari viwe na umbo la herufi H ambayo mguu wake mmoja umezungushwa, na huo ukawa mfano wa kwanza. Nani hasa alibuni, watu hao wawili na wafuasi wao hawakupata kukubaliana. Umbo hilo liliitwa dolos, jina la kifundo cha mfupa wa mnyama ambacho watoto wa huko hukichezea. Halikuandikishwa kuwa mali ya mtu, na kwa hiyo limesambaa duniani kote bila ya malipo.

Hata hivyo halikumaliza shida. Katika bandari ya Sines, nchini Ureno, boma kubwa lilijengwa kuelekea bahari kuu, penye kina cha hadi mita 50, likavikwa dolos za tani 42 kila moja. Tarehe 26 Februari 1978, lilipokuwa karibu kumalizika, dhoruba ilizivunja kwa maelfu. Nyingi hazikubebwa na maji zikiwa nzima; zilitikisika mahali pake, zikagongana, miguu ikakatika. Sababu yake ni hii: ukiliongeza jiwe la saruji ukubwa mara mbili kila upande, uzito wake huzidi mara nane, lakini unene wa mguu unaobeba uzito huo huzidi mara nne tu. Kitu chembamba kilicho imara kikiwa kidogo huwa dhaifu kikikuzwa. Tembo hana miguu ya swala.

Tukiwa bado kusini mwa Afrika, tusipite bila ya kutaja boma la Cape Town, lililoanzishwa Septemba 1860 Mwanamfalme Alfred wa Uingereza alipomwaga mzigo wa kwanza wa mawe. Mabega yaliyolijenga yalikuwa ya wafungwa. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kabila la /Xam, wawindaji wa kale wa nchi ile, waliofungwa kwa wizi wa mifugo katika ardhi iliyokuwa yao. Kuanzia 1870 wataalamu Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliwachukua baadhi yao, wakaandika lugha na hadithi zao, na sasa lugha hiyo haina tena msemaji. Shimo lilikochimbwa mawe likajazwa maji, likawa gudi la meli. Nadhani ni mahali pachache duniani ambapo maktaba nzima ilitoka katika machimbo ya mawe.

Na sisi watu wa Afrika ya Mashariki tusijidhani kuwa tumesamehewa. Mwamba wa matumbawe ni boma bora kuliko la Rennie: una mteremko, una matundu ya kunywa maji, na ukivunjika kidogo hujijenga wenyewe, kwa maana ni kitu chenye uhai. Lakini hufa. Mahali unapolipuliwa kwa baruti ili kupata samaki, au kuchimbwa kwa ajili ya chokaa na mawe ya nyumba, mawimbi hupata njia. Huko Maldivi watu walichimba matumbawe kwa ujenzi kwa miaka mingi, na mji wao mkuu wa Malé ukatanuka juu ya mwamba uliokuwa ukiukinga. Mnamo Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliingia mjini. Ilibidi Japani iwasaidie kujenga ukuta wa mawe ya saruji ya miguu minne, kwa gharama kubwa sana.

Boma la Plymouth bado limesimama, na kazi yake haijakoma. Bahari huendelea kunyakua mawe upande wa nje, na kwa hiyo hutengenezwa vibonge vya saruji vya tani 100 kila kimoja vikazamishwa mbele yake, ili mawimbi yaanze kuvunjika kabla hayajafika kwenye boma lenyewe. Katika ncha ya magharibi upo mnara wa taa uliomalizika mwaka 1844. Ncha ya mashariki haina mnara wa taa. Ina nguzo ya mawe, na juu ya nguzo hiyo limewekwa tundu la chuma la mviringo, kubwa kama tenga. Tundu hilo si pambo. Liliwekwa ili baharia ambaye chombo chake kimevunjika, akiweza kuogelea mpaka kwenye mawe na kupanda, apate mahali pa kukaa juu ya mawimbi akingojea mashua ya kumchukua. Linachukua watu sita.